Pilau ya Krismasi inaanza kupikwa tarehe 10: ninavyopanga misosi ya usiku mpaka sikukuu ipite

Kila Desemba nyumbani kwetu Tabata kuna swali la kila jioni, "mama leo tunakula nini", na kichwani nina swali lingine la watu ishirini na kitu watakaokuja tarehe 25. Zamani nilikuwa nayatenganisha haya mambo, chakula cha kila siku kivyake na sikukuu kivyake, matokeo yake tarehe 24 saa nne usiku vitunguu vimeisha, watoto wanasinzia hawajala, gesi nayo imeanza kusinzia, nyama bado iko kwenye ndoo. Siku hizi nimeacha. Misosi ya usiku ya wiki mbili kabla ndo inayonipikia sikukuu, yani kila jioni nikipika cha kwetu nafanya na kakazi kamoja ka Krismasi hapo hapo, moto ule ule, kisu kile kile, na ikifika tarehe 24 nimebakiwa na vitu vichache sana vya kufanya.

Sisi tuko sita, mimi, baba watoto, watoto watatu na mdogo wangu anayesoma chuo. Hesabu zote hapa ni za nyumba hii, wewe ongeza punguza. Bei sitaji maana nikiandika leo kesho utanicheka.

Hatua ya kwanza: hesabu matumbo, usihesabu kilo (tarehe 10)

Watu wengi wanaanza na "ninunue mchele kilo ngapi". Anza na watu. Chukua daftari, andika majina kabisa, usiseme "familia ya kaka", familia ya kaka ni wangapi? Na yule kijana wao wa kidato cha tatu usimwandike kama mtoto, yule anakula kuliko baba yake.

Hesabu yangu iko hivi: kilo moja ya mchele wa pilau inatosha watu wazima sita mpaka saba walioshiba, mtoto mdogo namuweka nusu. Mwaka jana nilikuwa na watu wazima 14 na watoto 9, hao watoto ni kama watu wazima wanne na nusu, jumla kumi na nane na nusu, kwa hiyo kilo tatu. Alafu kuna kundi ambalo watu wanalisahau kila mwaka na ndilo linalosababisha mwenye nyumba ale ukoko: sahani za majirani na wapita njia. Mimi nina majirani watano ambao sahani lazima iende, na sahani ya jirani sio ya mtu mmoja, unajaza mpaka mfuniko unagoma. Nikaongeza kilo ya nne.

Kilo nne za mchele mimi naziwekea nyama kilo tatu ya mchanganyiko yenye mifupa mifupa kidogo, vitunguu kilo moja kwa ajili ya pilau na kilo nyingine ya kachumbari, viazi mviringo kilo moja na nusu kwa wale wanaopenda pilau yenye viazi (mama mkwe wangu bila viazi anasema huo ni wali wenye rangi). Kuku wawili pembeni, soda, tikiti, basi. Sipiki vyakula kumi. Nishaenda nyumba ambayo mezani kuna pilau, biriani, ndizi, chipsi, makaroni na chapati na kila kimoja kilikuwa na kasoro yake, maana mpishi ni mmoja na mikono ni miwili.

Ukishamaliza hesabu ya watu angalia sufuria ulizonazo. Hili ni la tarehe 10 kwa sababu sufuria kubwa na jiko kubwa la mkaa vinaazimwa, na ukienda kuazima tarehe 23 utakuta vishaenda kwa mwenzio aliyewahi.

Hatua ya pili: ujaribu mchele wako kwenye chakula cha kawaida

Hapa nitakaa kidogo kwa sababu hapa ndo niliwahi kuaibika.

Kuna mwaka nilipata mchele mzuri kweli, umeletwa kutoka Kyela, unanukia hata ukiwa kwenye mfuko, nikaufungia stoo nikausema huu hauguswi mpaka sikukuu. Sikukuu ikafika, nikapima supu kama ninavyopima siku zote, kikombe kimoja mchele vikombe viwili supu, nikafunika, nikapalia makaa juu, nikaenda kuoga. Kurudi nafunua, mvuke ukapita, nikaingiza mwiko ukasimama wenyewe. Pilau imekuwa kitu kimoja. Wifi yangu akaja akachungulia akaniambia taratibu watu wasisikie, "Wifi, hili ni bokoboko?" Mama mkwe alikula kimya, alimaliza sahani, na ukimya wake ule nausikia mpaka leo.

Kosa halikuwa la mchele. Mchele ulikuwa mpya, umetoka shamba sio muda, na mchele mpya bado una unyevu wake ndani hauhitaji maji mengi, ukiupa maji ya mchele wa zamani unalewa. Mchele uliokaa miezi umekauka, unakunywa maji mengi na punje zinaachana. Kwa macho huwezi kutofautisha kirahisi, na muuzaji ukimuuliza atakwambia kile unachotaka kusikia.

Kwa hiyo sasa hivi nanunua mchele wa sikukuu mapema, tarehe 10 au 11, na usiku ule ule au kesho yake tunakula wali maharage kwa mchele huo huo. Napima kwa kikombe bila kukisia: vikombe vitatu vya mchele, maji vikombe vitano na nusu. Ukitoka bokoboko nusu, najua huu ni mpya, wiki inayofuata napika tena kwa kikombe kimoja na nusu cha maji kwa kila kikombe cha mchele. Ukitoka mkavu wenye kiini naongeza. Nikishapata kipimo naandika kwa kalamu kwenye mfuko wenyewe, "1 kwa 1¾". Watoto hawajui kama wamekula jaribio, wao wamekula wali maharage wakaenda kulala.

Na huo ndo mtindo wa mwongozo wote huu.

Hatua ya tatu: ratiba ya usiku, kila siku na kakazi kake

Ratiba yangu sio ya mgahawa. Jumatatu ni ugali, dagaa na matembele, kwa sababu Jumatatu kila mtu amechoka na dagaa zinaiva haraka. Dagaa wa Mwanza nawatoa vichwa, nawaosha na maji ya moto mara mbili mchanga utoke, nawakausha kwenye mafuta kidogo mpaka walie kwenye kikaango, ndo naweka kitunguu na nyanya, mwisho ndimu. Ukiweka nyanya kabla hawajakauka unapata uji wa dagaa. Baada ya hapo jiko la mkaa linabaki na moto mdogo mzuri, na huo ndo moto wa kukaangia viungo vya pilau: binzari nyembamba, pilipili manga, iliki, karafuu chache, vijiti vya mdalasini. Vinakaangwa vikavu, bila mafuta, unageuza geuza mpaka harufu ifike sebuleni, unaepua, vikipoa unasaga kwenye blenda au unatwanga. Karafuu usizidishe, kwa kilo nne mimi naweka kumi mpaka kumi na mbili, zikizidi pilau inakuwa na ladha ya dawa ya meno. Naweka kwenye kopo lenye mfuniko unaobana, naficha.

Jumanne wali maharage, na hapa usiloweke maharage ya kula usiku mmoja tu. Loweka kilo mbili Jumatatu usiku, Jumanne mwaga yale maji, chemsha yote kwa pamoja kwa moto mkali mwanzoni alafu punguza, gesi au mkaa utakaotumia unazidi kidogo tu kuliko wa kuchemsha robo. Yakiiva gawa: ya leo unaunga na nazi, mengine yapoe uyaweke kwenye makopo, moja friji liliwe ndani ya siku tatu, mengine friza. Hayo ya friza ndo yatakayokuokoa tarehe 22 na tarehe 24, na yakibaki yatakuokoa Januari ambayo wote tunaijua ilivyo ndefu, ada, sare, madaftari, na mwajiri alilipa mshahara mapema kabla ya Krismasi.

Kuhusu nazi, nakuna mwenyewe kwa mbuzi, mdogo wangu ananicheka ananiambia kuna tui la pakti. Lipo, nalitumia nikichelewa kazini. Ila kama una nazi, kamua tui zito la kwanza weka pembeni, ongeza maji ya uvuguvugu kamua tena tui jepesi, maharage yachemke na lile jepesi kwanza, tui zito linaingia mwisho kabisa moto ukiwa mdogo unakoroga mpaka lichemke mara moja. Ukilitangulizia moto mkali linakatika.

Jumatano ni viazi vitamu au mihogo ya nazi na chai, watoto wanapenda. Alhamisi makande, ambayo ni chakula cha kupika mchana mzima kama kuna mtu nyumbani, na kama hayupo presha kuka inafanya kazi. Ijumaa samaki, baba watoto akipita soko la samaki Feri asubuhi analeta vibua au changu, tunakaanga, ugali, kachumbari ya ndimu nyingi. Jumamosi chapati na mboga yoyote yenye mchuzi. Jumapili kila mtu anasema anachotaka alafu tunakula ninachopika mimi.

Sasa angalia vikazi vilivyobaki. Usiku wa samaki mafuta yako jikoni lakini usikaangie vitunguu vya pilau kwenye mafuta ya samaki, najua kuna mtu anafikiria hivyo, usijaribu. Vitunguu nakaanga Jumamosi ya chapati. Watoto wakubwa wawili wanamenya, mimi nakata vyembamba sawa sawa, hii ni muhimu kwa sababu vikiwa vinene na vyembamba vikichanganyika, vyembamba vinaungua wakati vinene bado vinatoka jasho. Mafuta mengi, moto wa kati, na uvumilivu. Mwanzoni vinatoa maji na unaona kama hakuna kinachoendelea, baada ya robo saa vinaanza rangi ya dhahabu, na kutoka dhahabu kwenda kahawia ni dakika chache tu, kutoka kahawia kwenda mkaa ni sekunde. Vitoe kabla havijafika rangi unayotaka, maana vikiwa nje ya mafuta bado vinaendelea kujipika. Tandaza kwenye karatasi vipoe, vitakuwa vikavu vinavunjika kama kaukau, funga kwenye kopo, weka friza. Yale mafuta chuja tunza, ndo mafuta ya pilau yenyewe.

Rangi ya pilau inatoka hapo. Najua wanaounguza sukari ili pilau iwe nyeusi nyeusi, sio dhambi, ila ulimi wangu unaijua.

Hatua ya nne: friji lile lisafishwe kwa kuliwa

Kuanzia kama tarehe 15 sinunui nyama wala kuku wa wiki. Tunakula kilichomo. Kipande cha samaki, kopo la kisamvu la tangu lini, supu ya mapupu, kila kitu kinatoka, kwa sababu friza yetu ni ile ndogo ya juu na nyama kilo tatu na kuku wawili wanahitaji nafasi. Usiku mmoja wa wiki hiyo huwa tunakula vitu ambavyo havina undugu kabisa, juzi kati ilikuwa ndizi na rosti ya maini na mlenda, mwanangu wa mwisho akauliza hiki kinaitwaje, nikamwambia kinaitwa kesho kuna nafasi.

Kama kuna kisamvu kibichi kwenye mpango, kitwange vizuri na ukichemshe muda mrefu bila haraka, majani ya muhogo yana sumu yake inayotoka kwa kutwanga na kuchemsha, sio mboga ya kugusisha moto kama mchicha.

Asiye na friji asikate tamaa. Kuna njia mbili nimeziona zinafanya kazi: jirani mwenye friza kubwa, muombe mapema na umpelekee nyama ikiwa imefungwa na jina, au nunua kuku hai, yule hana haja ya friji, yuko chini ya tenga anakula pumba mpaka asubuhi ya sikukuu.

Na hapo kwenye kuku, mimi ni Mkristo ila kuku wangu anachinjwa na jirani yangu Muislamu. Asubuhi mdogo wangu anampelekea, anarudi naye ameshachinjwa. Sababu ni rahisi, sahani zangu zinakwenda kwa watu wa dini zote na sitaki mtu apokee chakula changu kwa adabu alafu akimwage nyuma ya nyumba. Nyama ya bucha huku kwetu huwa haina maswali, kuku wa nyumbani ndo watu wanajisahau.

Hatua ya tano: tarehe 22 mpaka 24

Tarehe 22 usiku tunakula ugali na yale maharage ya friza, mchicha pembeni. Ni chakula cha dakika arobaini na ndo lengo, maana jioni hiyo nachagua mchele. Sinia, taa nzuri, watoto wote wamekaa, punje nyeusi na mawe yatoke. Kilo nne sio mchezo, ila ikigawanywa kwa watu wanne ni mazungumzo ya nusu saa.

Tarehe 23 asubuhi nyama inanunuliwa. Usisubiri 24, foleni buchani inageuka mkutano na kinachobaki ni mafuta na shingo. Nyama nachemsha siku hiyo hiyo kwa tangawizi, kitunguu saumu na chumvi mpaka ikaribie kuiva, sio iive kabisa, itamalizikia kwenye pilau. Alafu kwenye ile ile supu natoa mifupa mikubwa na supu kidogo, naongeza ndizi mshare, naponda, tunakula mtori usiku. Upande wa baba watoto ni watu wa Kilimanjaro, mwaka tusiopanda Moshi kwa Krismasi huu mtori wa tarehe 23 ndo nauli yao, wanakunywa wanaanza kuongea habari za nyumbani mpaka saa sita.

Supu na nyama vipoe haraka kabla ya kuingia kwenye friji. Mimi naweka sufuria ndani ya beseni la maji baridi, nabadilisha maji mara mbili. Ukiingiza sufuria ya moto kwenye friji ndogo unapasha joto kila kitu kilichomo, na katikati ya sufuria panabaki vuguvugu masaa, hapo ndo nyama inaanza kuharibika huku wewe unaona iko kwenye friji. Umeme ukikatika usifungue fungue mlango.

Tarehe 24 usiku, kumbuka watu wa nyumbani kwako nao wana matumbo. Hiki ndo chakula kinachosahauliwa kuliko vyote mwaka mzima. Mama anapika cha kesho, watoto wanakula biskuti. Mimi natoa kopo la mwisho la maharage, natoa chapati nilizopika Jumamosi na kuzifunga kwenye foili, napasha, saa mbili wameshakula na kuoga. Mwenye kwenda misa ya usiku anakwenda. Nami baada ya hapo namenya viazi naloweka kwenye maji, nakata karoti, nasaga tangawizi na kitunguu saumu, nakagua mtungi wa gesi na gunia la mkaa, nalala. Kweli nalala.

Hatua ya sita: siku yenyewe

Kilo nne usipike sufuria moja kwenye jiko la gesi la nyumbani. Moto unapiga katikati tu, chini kunaungua, pembeni kuna punje mbichi. Gawa sufuria mbili za kilo mbili mbili kwenye mkaa, au moja mkaa moja gesi kama mimi.

Kila sufuria: pasha yale mafuta ya vitunguu, weka tangawizi na kitunguu saumu kwa muda mfupi, weka viungo vilivyosagwa na vichache vizima, koroga mpaka vinukie, weka nyama, geuza, weka viazi, weka vitunguu vyako vilivyokaangwa huku ukivivunja kwa mkono, bakiza ngumi moja ya kunyunyizia juu wakati wa kupakua. Alafu supu kwa kipimo ulichoandika kwenye mfuko. Kilo mbili za mchele ni kama vikombe kumi vya robo lita, kwa hiyo kama kipimo chako ni 1 kwa 1¾ hiyo ni supu vikombe kumi na saba na nusu, ikipungua jazia na maji ya moto. Ikichemka onja. Iwe imezidi chumvi kidogo tu kuliko unavyopenda, kwa sababu mchele utaimeza. Watu wanaonja wakiona iko sawa wanaacha, pilau inatoka haina chumvi.

Mchele uliooshwa na kuchujwa unaingia, koroga mara moja mpaka chini, funika, usiguse. Maji yakikaribia kukauka na vitobo vimeonekana juu, geuza kwa mwiko kutoka pembeni kuja katikati, mara moja, kwa upole. Toa makaa chini bakiza machache, mengine weka juu ya mfuniko. Ya kwenye gesi punguza moto mpaka mwisho, funika na foili kwanza ndo uweke mfuniko na juu yake kitu kizito. Dakika ishirini. Ondoka jikoni kabisa, kavae nguo nzuri, maana ukibaki utafunua.

Kachumbari subiri wageni waanze kufika. Vitunguu vikatwe, vifikichwe na chumvi, vioshwe viondoe ukali, alafu nyanya, tango, karoti, pilipili. Ndimu na chumvi ni mwisho kabisa mezani, ukiweka saa tano na watu wanakula saa nane utapakua supu ya nyanya.

Hatua ya saba: sahani

Sahani za majirani zitoke kabla ya meza ya wageni. Nilijifunza hili kwa jirani yangu wa Iddi, yeye sahani inatoka jikoni kwake ya kwanza kabla hata wanae hawajala, mimi nilikuwa napeleka kilichobaki saa kumi na moja jioni, na mtu anajua, usifikiri hajui, paja la kuku na shingo vina lugha zake. Pakua tano, funika, watoto wapeleke kwa mikono miwili. Na sahani zikirudi hazirudi tupu, itarudi na maembe, itarudi na visheti, mwaka jana moja ilirudi na mayai matano ya kienyeji.

Ukiwa wewe ndo wa Iddi ratiba hii inakwenda vile vile kasoro kitu kimoja kikubwa: tarehe huijui. Ni mwezi, unasubiri usiku wa ishirini na tisa ya Ramadhani Mufti atangaze, inaweza kuwa kesho au kesho kutwa. Jirani yangu anafanya hivi, viungo, vitunguu na mchele vinakuwa tayari tangu kumi la mwisho lianze, nyama anachemsha siku ya ishirini na tisa, mwezi usipoonekana anaiacha kwenye friji na usiku unaofuata futari inakuwa kama kawaida, magimbi, uji, kunde. Hakuna kinachoharibika kwa kusubiri siku moja.

Hatua ya nane: mabaki

Pilau ikibaki usiiache kwenye sufuria mezani mpaka usiku watu waendelee kudokoa. Ndani ya masaa mawili tandaza kwenye sinia ipoe, weka kwenye makopo, friji. Wali una vijidudu vyake ambavyo mbegu zake hazifi kwa kuchemka, vikipata joto la kawaida masaa mengi vinaamka na kutoa sumu ambayo hata ukipasha tena haiondoki. Wengi wanaosema "nimekula sana sikukuu tumbo limevurugika" hawakula sana, walikula ya jana iliyolala nje. Pasha unayokula tu, nyunyiza maji kidogo, funika, ifuke moshi kabisa, na iliyopashwa hairudi tena friji.

Tarehe 26 mchana inaliwa hiyo. Usiku wake usijaribu kumpa mtu mafuta mengine. Kwetu ni ugali wa dona, matembele ya nazi kidogo na dagaa, na baba watoto ambaye jana alisifia kuku kwa sauti mbele ya ndugu zake, jana hiyo hiyo nilimhesabia vipande vinne, usiku huu anavuta sahani ya ugali karibu, anafinyanga tonge, anasema, "Mama, sasa hiki ndo chakula."